Mtani Wetu Ngeleja Kwenye Simu za Watu

Nilikuwa nageuza chapati kibandani kwangu Mikumi, upande ule wanakoegesha malori, Abeli aliponisogezea simu yake hadi karibu na pua. Abeli ni dereva, mteja wangu wa supu wa siku nyingi.

"Dada Zaina, hebu ona unyama huu. Si huku huku kwenu Kilosa?"

Nikafuta mikono kwenye kanga, nikaangalia. Nikaona pazia la kijani la mlango wetu wa Ruhembe. Nikaona jeneza la baba yangu limebebwa mabegani, na mbele yake, katikati ya ua, Ngeleja amesimama na fimbo yake ya kuchungia, kofia imekaa upande, anapiga kelele.

"Nimemuua mimi! Ng'ombe wangu wamekula mpunga wake, akakasirika, akafa! Nani ananidai? Sasa mmebaki ninyi. Nitawamaliza mmoja mmoja, mashamba yote yawe malisho!"

Hapo video ikakatika, ikaanza upya yenyewe. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: MFUGAJI AKIRI KUMUUA MKULIMA MBELE YA MAITI. KILOSA. SAMBAZA. Chini yake maneno ya watu yalikuwa yanaporomoka kuliko nilivyoweza kusoma. Mmoja anauliza huyu mshenzi anakaa wapi. Mwingine anajibu, Ruhembe, ukitokea Mikumi unashuka njia ya Kidodi. Wa tatu kaandika neno moja tu: twendeni.

Chapati ikaungua. Sikuitoa.

Kabla sijaendelea nikueleze huyo Ngeleja ni nani, maana kwenye simu ile alionekana shetani, na mimi ninayemjua nilikaribia kuamini.

Ngeleja ni Msukuma, kwao Maswa. Alishuka na ng'ombe wa baba yake akiwa kijana, akakaa Usangu, wafugaji wakaondolewa Usangu, akaja huku na mkewe Letisia, watoto wawili na ng'ombe waliokonda. Watu wa kwetu hawakumpokea kwa furaha, na siwalaumu. Mpunga ukiliwa usiku mmoja, familia inalala njaa mwaka mzima. Msimu wake wa kwanza tu ng'ombe wake waliingia shamba la baba yangu, Mzee Abubakari, wakala kona nzima. Baba akatoka na panga begani. Mama akamfuata nyuma analia.

Alimkuta Ngeleja anaswaga wale ng'ombe atoke nao, jasho linamtiririka. Baba akamuuliza, "Wewe kabila gani?"

"Msukuma, mzee."

Baba akalishusha panga. "Kumbe ni mpagazi wa babu yangu! Ndiyo maana huna adabu."

Ngeleja naye akamtazama juu hadi chini, akasema, "Na wewe ni mfukuza nyani. Shamba lenyewe hili ng'ombe wangu wamelionea huruma tu."

Kwa sisi Wasagara, Wasukuma na Wanyamwezi ni watani, tangu misafara ya mizigo ikipita huku kwenda pwani. Mtani hachukiwi, na akikutukana huruhusiwi kununa. Siku ile waliishia kukaa kivulini wanatukanana mpaka mama akawaletea uji. Ngeleja akalipa mpunga ule kwa kutulimia kwa maksai wake, na msimu uliofuata akalima tena bila kudaiwa, na uliofuata tena. Baba akamkatia pembe ya shamba ajenge.

Dume lake moja la plau, na kila lililolirithi nira, alilibatiza Abu, jina la baba yangu, makusudi, ili asubuhi baba akiwa anapalilia amsikie akipiga kelele, "Abu, mvivu wewe! Abu, kanyaga, unasinzia kama mwenye jina!" Baba akalipa kisasi. Akatengeneza sanamu la kutishia nyani shambani, akalivisha kofia iliyochakaa, akaliita Ngeleja. Mgeni akipita alimwonyesha: "Unamwona Ngeleja? Tangu nimemweka hapa hata nyani wamehama."

Mimi nilikua katikati ya hayo. Nikimwamkia shikamoo, Ngeleja hakuitikia hata siku moja kama watu wengine wanavyoitikia. Aligeuza uso, akasema, "Siipokei bila kuku. Lete kuku kwanza." Nimeolewa, nimezaa, nimeachika, nimefungua kibanda, jibu ni lile lile. Yeye Mkatoliki, sisi Waislamu, lakini Idd ilikuwa haianzi mpaka Ngeleja asimame mlangoni adai pilau yake kama mtu aliyeibiwa.

Baba alikufa kwa presha, hospitalini, mkono wake uko mkononi mwangu. Hakuuawa na mtu. Na siku ya mazishi, jeneza lilipotoka ndani, Ngeleja alifanya anachotakiwa kufanya mtani: aliziba njia. Mtani huzuia jeneza, akatukana marehemu na wafiwa, akajisifu kwamba yeye ndiye aliyemuua, mpaka apewe kitu ndipo maiti ipite. Ua mzima ulicheka. Mama, ambaye tangu alfajiri alikuwa hajafungua mdomo, alicheka mpaka akaweza kulia. Mimi ndiye niliyemletea kuku. Ngeleja akampokea, akamtupia Letisia, akaweka bega lake chini ya jeneza upande wa mbele, akalia kama mtoto njia nzima ya kwenda makaburini.

Sasa tafuta hayo kwenye video. Kicheko hakimo. Kuku hayumo. Machozi hayamo. Kuna mtu mahali fulani alikaa akachagua pa kukata.

Aliyepiga picha ile alikuwa Alfred, kinyozi wa Ruhembe, jirani yetu. Aliiweka nzima kwenye mtandao wa Jamvi na maneno ya kuchekesha, ili ndugu wa Dar walioshindwa kufika waone jinsi mzee alivyosindikizwa. Ikapokewa na watu wachache, wakacheka, yakaisha. Halafu wiki ile ya Abeli na simu yake, katika kijiji kimoja mbali na kwetu wakulima na wafugaji wakapigana, mtu akaumizwa vibaya, na habari za wafugaji zikawa ndizo zinazotafutwa. Ukurasa mmoja unaojiita Moto wa Leo, ambao hakuna anayejua mwenyewe ni nani, ukaiokota video ya Alfred, ukaikata, ukaipachika yale maneno makubwa. Na Jamvi, ambao mashine yao inajua sana watu wanapenda kutazama nini, wakaibeba wakaipeleka kwenye kila simu ya Kilosa. Abeli hakuitafuta. Aliletewa, anakunywa supu.

"Abeli, huyu ni baba yangu," nikamwambia. "Na huyo ni mtani wake."

Akanitazama, akaitazama simu, akaizima. "Sasa dada, watu wanamfuata."

Nikampigia Ngeleja. Ana kitochi, kisimu cha vitufe tu, kinachokaa bila chaji nusu ya wiki, na siku hiyo kilikuwa hakipatikani. Nikampigia Letisia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mwenzio katoka na mkokoteni tangu asubuhi, anapeleka mchele kwa mama yako. Si arobaini ya mzee inakaribia? Kasema hataki mchele wa dukani upikwe kwa mtani wake." Akacheka kidogo. "Hata wageni wenu wa Mikumi wamepita hapa na pikipiki wanamuulizia. Nimewaelekeza wamfuate njia ya miwa."

Nikakalia ndoo.

"Wageni gani, mama? Walikuwa wangapi?"

"Wengi. Hawakushuka hata kusalimia."

Sikumweleza. Nilimwambia afunge mlango aende kwa jirani, nikakata. Nikamwachia Abeli kibanda, dereva mzima akabaki na mwiko mkononi, nikamwita Lupakisyo wa bodaboda. "Ruhembe, kaka. Usiniulize, kimbia."

Nikiwa nyuma ya pikipiki nilifungua Jamvi kwenye simu yangu. Nikaitafuta ile video, haikunichukua muda, ilikuwa ya kwanza. Nikabonyeza vile vidoti, nikabonyeza neno Ripoti. Wakaniletea sababu za kuchagua: uchi, dawa za kulevya, kuuza silaha, kujidhuru, taarifa za uongo. Hakuna panapoandikwa: mtu huyu atauawa mchana huu. Hakuna hata mahali pa kuandika maneno yangu mwenyewe. Nikachagua taarifa za uongo. Wakanishukuru. Wakasema wanaishughulikia.

Katikati ya kuisubiri, video ikaendelea kucheza yenyewe, na baada ya jeneza la baba yangu likaja tangazo la sabuni ya kufulia. Mwanamke anacheka, anakung'uta shuka jeupe. Nilitaka kuitupa simu kwenye mtaro.

Nikampigia Alfred. Nilifikiri, huyu anayo video nzima, nitawaonyesha, yataisha.

"Dada Zaina, nimeifuta," akasema. "Nilipoona watu wanaandika mambo ya kuua, nikaogopa, nikaifuta Jamvi, nikaifuta na kwenye simu. Sina hata kipande."

"Umefuta ya kweli, Alfred! Ya uongo ndiyo imebaki!"

Akaanza kulia. Nikamkatia. Sikuwa na nafasi ya kumbembeleza mtu.

Tukapita njia ya Kidodi, tukaacha lami, tukaingia njia ya vumbi inayopita katikati ya miwa. Miwa ilikuwa mirefu, huoni kulia wala kushoto. Simu ikatetemeka mkononi. Ilikuwa Jamvi.

"Tumeipitia video uliyoripoti. Tumeona haivunji Kanuni za Jamii za Jamvi. Ukiwa hupendi kuona maudhui haya, unaweza kuyaficha."

Niliisoma nikaisoma tena. Mimi nauza chakula. Mtu akiharisha leo, kesho bwana afya yuko mbele ya sufuria langu, ananiuliza maji nimetoa wapi, nyama nimenunua kwa nani, na kama sina majibu ananifungia kibanda. Na ni haki yake, maana wanaokula ni watu. Hawa wamewalisha watu wa wilaya nzima sumu, halafu wananiambia kama siipendi nigeuze uso pembeni. Nikiificha mimi, wale wa kwenye pikipiki wataacha kuiona? Kuna kitufe cha "Pinga uamuzi". Nikakibonyeza kwa kidole gumba mpaka kucha ikauma.

"Dada," Lupakisyo akasema, "mbele kuna watu."

Ilikuwa njia panda ambapo malori ya miwa hutokea shambani. Lori moja limezuiwa, dereva ameshuka amesimama kwenye tairi. Pikipiki zimelazwa hovyo. Kundi la wanaume, wengi sura ngeni kwangu, wachache nawafahamu kwa macho, wana fimbo, wana mapanga ya kukatia miwa. Na katikati yao mkokoteni wenye magunia, Abu na mwenzake wamefungwa nira, wametulia wanacheua. Ngeleja yuko mbele yao.

Nilikuwa bado mbali, lakini nilisikia. Jamaa aliyevaa jezi nyekundu alikuwa ameinua simu juu, sauti imefunguliwa yote. Nimemuua mimi! Ng'ombe wangu wamekula mpunga wake!

Na Ngeleja alikuwa anacheka.

Hapo ndipo nilipojua kwamba hajaelewa. Hana simu ya hivyo, hajui Jamvi ni kitu gani. Yeye alisikia sauti yake mwenyewe, utani wake mwenyewe wa msibani, mikononi mwa watu wa Kilosa waliomzibia njia. Kwake watu wa Kilosa wakikuzibia njia na fimbo huku wanakukumbusha matusi yako, hao ni watani. Wamekuja kulipa. Akafanya anachofanya siku zote. Akavuta kofia upande, akapiga kifua.

"Ee, ndiye mimi! Nimemuua, na sijashiba! Huu mkokoteni unafikiri umebeba mchele? Nimebeba wafukuza nyani wengine. Nani anafuata?"

"Ngeleja, nyamaza!" nikapiga kelele. "Nyamaza!"

Hakunisikia. Fimbo ya kwanza ilimpata juu ya jicho. Kofia ikadondoka. Kicheko kilibaki usoni mwake kidogo, kama mtu aliyechelewa kuamka, halafu damu ikashuka ikaingia mdomoni, akaionja, akatazama mkono wake, akawatazama wale watu mmoja mmoja. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukiwa na aibu ya namna ile.

"Jamani," akasema. "Si ni utani?"

"Utani wa kuua mtu?" jezi nyekundu akajibu, na mwingine akampiga mgongoni.

Niliruka pikipiki haijasimama, nikachubuka goti. Nikaingia kwa viwiko. "Mimi ndiye binti wa marehemu! Baba yangu hakuuawa! Kafia hospitali!"

"Kahongwa ng'ombe huyu," mtu akasema nyuma yangu.

"Toa ushahidi," akasema mwingine. "Sisi tumeona kwa macho."

Ushahidi. Wao walikuwa nao, umekaa kwenye kiganja, unarudia wenyewe kila ukiisha. Mimi nilikuwa na mdomo. Niliapa kwa Mungu, hawakujali. Nilitaja hospitali, nikataja ugonjwa, mmoja akanisukuma nikaangukia gurudumu la mkokoteni. Panga moja likainuliwa. Nilimwona Ngeleja amefunika kichwa kwa mikono miwili, amepiga magoti pembeni ya dume lake.

Nikaona nikiendelea kujieleza kama niko mahakamani, atakufa. Sijui nilitoa wapi akili. Nikaokota fimbo yake iliyoanguka, nikapanda juu ya magunia ya mchele, nikaanza kumtukana.

"Wewe mpagazi!" Sauti ilitoka kubwa kuliko yangu. "Kumbe umekubali umemuua baba yangu! Haya, leo ndiyo leo! Umemuua ukaniachia nani wa kunilimia? Inuka hapo, nivishe mimi hiyo kofia, maana sasa ng'ombe wote ni wangu! Letisia ni wangu! Na wewe nitakusimamisha shambani kwa baba, lile sanamu limechoka, nyani wameanza kulizoea!"

Nikamrukia Abu nikamshika pembe. "Na huyu Abu ni baba yangu kabisa, nimekuja kumchukua! Mnamwona? Si anasinzia kama mwenye jina?"

Nilikuwa nalia. Kamasi zinanitoka, kanga imeanguka, natukana. Vijana walishangaa, hawakujua wanipige au wanikimbie.

Halafu kutoka ng'ambo ya lori mwanamke akapiga kigelegele. Alikuwa Bi Teresia, mkata miwa, mtu mzima, alikuwepo msibani. Alikuja anaburuta mabuti yake ya shambani, panga kwapani.

"Usiondoke na ng'ombe huyo, Zaina! Kwanza alipe kuku wangu! Mpagazi gani huyu anakula kuku wa msiba halafu anakuja mikono mitupu?" Akasimama kati ya Ngeleja na yule wa panga, akawageukia wanaume aliowafahamu. "Na wewe, mtoto wa Lazaro, baba yako hakukufundisha mtani ni nani? Mazishi ya babu yako nani alilala mlangoni? Shusha panga, mjinga wewe."

Mtoto wa Lazaro, mwanaume mwenye ndevu zake, akashusha panga. Mzee mmoja nyuma akacheka, kicheko kifupi cha kujilazimisha, akaongeza tusi lake kwa Ngeleja. Dereva wa lori akaongeza jingine. Wale wa kwetu wakaanza kuelewa, wakaanza kuona haya, wakarudi nyuma kidogo kidogo. Wageni walibaki peke yao na pikipiki zao. Jezi nyekundu alikuwa bado ameinua simu, na sasa alikuwa anatupiga picha.

Waliondoka. Hakuna aliyesema samahani.

Tulimpeleka Ngeleja zahanati, akashonwa juu ya jicho. Mtendaji wa kata akaja, akaandika majina, akanisikiliza vizuri, mtu muungwana. Nikamuuliza hao wenye Jamvi tutawashtaki wapi.

"Ofisi yao iko wapi, dada, nikawaandikie barua?" akaniuliza. Hakuwa ananikejeli. Alikuwa anataka kujua.

Jioni Alfred akajikaza, akajirekodi kinyozini kwake akieleza yote: kwamba ni utani, kwamba mzee kafa kwa presha, kwamba Ngeleja hajamuua mtu. Jamvi wakaiondoa video yake kabla wengi hawajaiona. Wakamwandikia kwamba ina maneno ya kuua, na maneno ya kuua yanavunja kanuni za jamii. Ile ya Moto wa Leo ikabaki. Kesho yake pembeni yake ikaongezeka ya pili, mimi mbele ya mkokoteni, nalia nimeshika pembe za ng'ombe. BINTI WA MAREHEMU AGAWIWA NG'OMBE AMTETEA MUUAJI. Jibu la pingamizi langu nalo lilikuja: wameipitia tena, uamuzi ni ule ule, asante kwa kutusaidia kuifanya Jamvi mahali salama kwa kila mmoja.

Nimekasirika mpaka leo. Naambiwa ni mashine, haijui Kiswahili vizuri, haijui utani. Sawa. Basi wasingeileta huku mpaka ijue, au wangeweka mtu anayejua, mtu wa kula mshahara wao akapokea simu yangu nikiwa nyuma ya pikipiki. Kutujua tunapenda kutazama nini wameweza. Kujua tunachekaje wameshindwa.

Siku ya arobaini Ngeleja alikuja. Nilikuwa na hofu hatakuja. Alivaa shati lililopigwa pasi, bila kofia, mshono juu ya jicho umeacha alama nyeusi. Mchele wake ndio tuliopika, ule ule uliokuwa kwenye mkokoteni. Ua ulikuwa umejaa, na watu walipomwona wakanyamaza wakimsubiri, kwa sababu arobaini bila matusi ya mtani inapwaya. Hata mama alisogea mlangoni apate kusikia vizuri.

Ngeleja akapita, akampa mama mkono, akamwambia pole. Akakaa mwisho wa mkeka pamoja na wageni.

Letisia ameniambia siku hizi analima kimya. Abu hamwiti tena kwa jina, anamgusa tu na fimbo.

Sikuvumilia. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikakamata jogoo mkubwa kuliko wote, nikamshika miguu, nikarudi naye anapiga mabawa. Nikasimama mbele ya Ngeleja mbele ya watu wote, nikapiga goti.

"Shikamoo, mtani."

Nilimsubiri. Nilimnyooshea kabisa yule jogoo. Ngeleja akainua macho, lakini hakunitazama mimi. Aliangalia mikono ya watu waliokaa, mkono mmoja baada ya mwingine, nani ameshika simu.

"Marahaba, mwanangu," akasema.